Fundi akishushwa namba sita: maswali tunayoulizwa sana na wazazi, wachezaji na mashabiki wa Tanga

Kaa jukwaani Mkwakwani siku Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, wanacheza, nusu saa haiishi kabla mtu hajasimama kulalamika kwamba kocha kamfukia fundi nyuma: kamtoa namba kumi, nyuma ya straika, kamshusha namba sita, mbele ya mabeki. Malalamiko hayo hayo tunayasikia kwenye mazoezi ya vijana, ila huko wanaolalamika ni wazazi. Hapa tumeyakusanya yanayorudi kila wiki. Majibu ni yetu sisi tunaofundisha watoto mtaani, si ya klabu wala chama chochote.

Namba kumi wa asili anaweza kweli kucheza namba sita?

Anaweza. Lakini swali hilo humwangalia mtu mmoja, wakati jibu lake liko kwa watu watatu: yeye mwenyewe, kiungo atakayesimama pembeni yake, na beki wa kati aliye nyuma yake. Tutajie hao wawili kwanza, ndipo tukujibu kuhusu fundi wako.

Pale si mahali pa mkata umeme, yule kiungo wa kukaba?

Mkata umeme bado ana kazi, tena nyingi. Kilichobadilika ni mahali mashambulizi yanapoanzia. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu golikiki ipokewe na mchezaji mwenzake kipa humo humo ndani ya boksi. Timu nyingi zikaanza kujenga mpira kutoka langoni, na wapinzani nao wakapanda kuwabana huko huko. Sasa fikiria kiungo anapokea pasi ya beki, watu wawili wanamjia mbio, na yeye ujuzi wake wote ni kupora mpira na kuubutua. Timu inakwama. Hapo ndipo kocha anaanza kumtupia jicho namba kumi wake.

Ndiyo sababu pekee?

Hapana. Kuna msongamano wa huko juu. Namba kumi anacheza katikati ya viungo wa chini wa wapinzani na mabeki wao wa kati, kwa hiyo ana watu wanne, mara nyingine zaidi, kwenye kieneo kidogo. Akishuka mita 20 anabaki na straika mmoja au wawili wanaomkimbilia, na uwanja wote umefunguka mbele yake.

Halafu kuna sababu ambayo makocha hawaisemi mbele ya waandishi: kikosini kuna namba kumi wawili, na mmoja wao ni mkubwa hawezi kukaa benchi.

Mnamtaja sana Pirlo. Habari yake ni ipi?

Ndiyo hiyo hiyo ya namba kumi wawili. Andrea Pirlo alikulia Brescia akicheza nyuma ya washambuliaji, na Inter walimnunua mwaka 1998 kwa kazi hiyo. Hakupata namba ya kudumu. Akapelekwa Reggina kwa mkopo, kisha mwanzoni mwa 2001 akarudishwa Brescia, kwa mkopo pia. Alipofika akamkuta Roberto Baggio ndiye mwenye nyumba. Kocha Carlo Mazzone hakuwa na ubavu wala sababu ya kumweka Baggio benchi, akamshusha kijana mbele ya mabeki.

Tarehe 1 Aprili 2001 Brescia walikuwa ugenini kwa Juventus. Pirlo akaupata mpira mbali kabisa na lango, akanyanyua kichwa, akaupitisha juu ya mabeki wote. Baggio akautuliza kwa mguso mmoja ambao papo hapo ulimpita kipa Edwin van der Sar, akafunga. Mechi ikaisha 1-1. Itafute uitazame, lakini usimwangalie Baggio, ingawa macho yatakuvuta kwake. Angalia Pirlo yuko wapi. Angekuwa amesimama pale alipozoea kusimama, nyuma ya straika, pasi ile isingekuwepo. Pasi ya namna ile hula umbali, na kule juu umbali huo haupo.

Mwaka huo huo Milan wakamchukua. Chini ya Carlo Ancelotti akabaki pale pale mbele ya mabeki, wakabeba Ligi ya Mabingwa 2003 na 2007, na katikati hapo akabeba Kombe la Dunia 2006 akiwa na Italia. Wazazi wakifika hapa hutabasamu na kuacha kusikiliza, nasi tunaomba wasikilize kidogo tu: pembeni yake alikuwepo Gennaro Gattuso, mtu aliyekimbia mbio za watu wawili na kuzipenda. Bila mtu wa aina ya Gattuso, mpango mzima wa Pirlo unabaki kwenye karatasi.

Huyo wa zamani. Hakuna wa karibuni?

Hakan Çalhanoğlu. Tangu Leverkusen hadi Milan tulimjua kama namba kumi na mpiga faulo wa kuogopwa. Akahamia Inter mwaka 2021. Mwaka uliofuata Marcelo Brozović akaumia, kocha Simone Inzaghi akamjaribu pale chini, na Brozović alipouzwa 2023 nafasi ikawa yake moja kwa moja. Msimu wa 2023/24 Inter wakachukua ubingwa wa Italia.

Toni Kroos naye alicheza nyuma ya straika Leverkusen na Bayern kabla Real Madrid hawajamtuliza chini. Luka Modrić alipotua Tottenham mwaka 2008 alikuwa akisukumwa mara pembeni kushoto, mara nyuma ya straika, mpaka alipowekwa katikati. Mwaka 2018 akachukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Ila Modrić hakuwa sita kamili. Miaka yake mizuri Madrid, Casemiro alikuwa nyuma yake akizima moto. Unaona tena: fundi mmoja, mlinzi mmoja.

Na hapa nyumbani?

Hapa mfano mzuri unakwenda kinyume. Feisal Salum, Fei Toto, alipotoka JKU ya Zanzibar kwenda Yanga mwaka 2018 alianza kama kiungo wa kati, na baadaye ndipo akasogezwa juu. Msimu wa 2023/24, akiwa Azam, alifunga mabao 19 ya ligi, mawili nyuma ya Stephane Aziz Ki wa Yanga aliyemaliza na 21. Uwezo wa kuchezea chini bado anao. Lakini ukimshusha unayaacha mabao hayo yote mezani, na mwenyekiti wa klabu gani atakubali?

Kwa hiyo kila fundi anafaa?

La. Kuna fundi wa pasi na fundi wa chenga, na mashabiki huwachanganya kwa sababu wote wawili wanapendeza.

Fundi wa chenga hula raha akiwa na beki mbele yake. Anausubiri mguu wa mtu uingie, anapiga tobo, anapita, uwanja unalipuka. Mtoto huyu ukimshusha namba sita umeiumiza timu mara mbili. Juu umepoteza mtu wa kuvunja ukuta, na chini umeweka mtu anayekaribisha presha kwa makusudi, kwa sababu bila presha mchezo wake haupo. Atawapita wawili, wa tatu atamnyang'anya, na nyuma yake kuna mabeki wawili na kipa tu.

Fundi wa pasi utamtambua hata kwenye ndondo ya mtaani. Mpira haukai mguuni kwake. Anaupokea akiwa tayari ameshaamua, na ukimfuatilia kichwa badala ya miguu utaona hakitulii. Mara nyingi watu wa pembeni ya uwanja hawajui hata jina lake, wanajua tu kwamba timu ikiwa na yule mtoto wa Makorora mwenye soksi zilizoshuka, mpira unatembea. Huyo ndiye wa kujaribiwa chini.

Wapo walio na vyote viwili. Hao usiwaguse, waache wacheze wanapotaka.

Tofauti hasa ni nini? Mpira si ni ule ule?

Mpira ni ule ule, mwili ndio unabadilika. Tuchukue tendo moja: beki wa kati anampa pasi.

Akiwa juu, namba kumi anapokea akiwa na mtu mgongoni. Anaukinga kwa mwili, anageuka au anarudisha. Akiupoteza, hasara ni ndogo, timu bado iko nyuma ya mpira. Mtoto akizoea hivyo kwa miaka, akishuka chini anafanya vile vile: anaifuata pasi ya beki akiwa amempa uso kipa wake mwenyewe, miguu yote miwili inatazama lango letu. Tunasema mwili umefungwa. Anachoweza kufanya hapo ni kuurudisha ulikotoka, na straika mjanja anaisubiri pasi hiyo ya kurudi.

Tunachomfundisha ni kusimama nusu upande. Kama pasi inatoka kwa beki wa kushoto, mguu wa kulia unavutwa nyuma, nyonga zinaelekea katikati ya uwanja, na mpira anauacha upite mbele ya mwili mpaka kwenye mguu wa mbali. Mguso mmoja tu na tayari anaangalia lango la wapinzani. Kabla mpira haujamfikia, awe ameshageuza shingo kulia na kushoto, kama dereva wa daladala anavyopiga jicho kwenye vioo kabla ya kuingia barabarani. Hiyo shingo ndiyo nusu ya namba sita. Tumeona watoto wenye mguu wa dhahabu wakishindwa kwa sababu ya shingo.

Kingine ni subira. Namba kumi huitafuta pasi ya mwisho kila anapogusa mpira, na akipatia moja kati ya tano tunampigia makofi. Namba sita akipoteza nne kati ya tano, mechi imeisha kabla ya mapumziko. Pasi ya mita tano kwa fulubeki haina shangwe, lakini lazima aipende.

Hajui kukaba. Hiyo tutaifanyaje?

Mara nyingi anayesema hajui kukaba anamaanisha hatelezi chini kupora mpira. Hilo si kubwa. Anatakiwa ajue kusimama: kukaa kwenye njia ya pasi inayokwenda kwa namba kumi wao, kutomfuata mtu mpaka pembeni na kuacha tundu katikati, na kujua lini acheze faulo ndogo kwenye nusu ya wapinzani kabla shambulizi la kushtukiza halijashika kasi. Haya yanafundishika.

Kisichofundishika kirahisi ni hasira ya kuupoteza mpira. Mwangalie mtoto sekunde tatu baada ya kunyang'anywa. Akisimama kuinua mikono na kumtazama refa, mwache juu. Akigeuka papo hapo na kukimbia, hata kama mbio zake ni za kobe, tuna mtu wa kufanya naye kazi.

Mfumo nao unasaidia. Kwa 4-2-3-1, yenye viungo wawili mbele ya mabeki, anakuwa na mwenzake, mmoja anapanda na mwingine anabaki. Kwa 4-3-3 yenye sita mmoja peke yake, usimtupe mtoto anayejifunza. Ni kumwonea.

Mwanangu ni mwembamba na mfupi.

Modrić ana urefu wa mita 1.72. Mipira ya juu wataruka mabeki. Yeye awe karibu kuuokota unaodondoka.

Akikosea pale chini si ndiyo balaa?

Ndiyo, na hakuna namna ya kulipaka rangi hilo. Tarehe 27 Aprili 2014, Liverpool wakiwa wanausogelea ubingwa wa Uingereza, Steven Gerrard, ambaye ujana wake wote alikuwa akipanda na kufunga, alikuwa amekwisha kushushwa kucheza mbele ya mabeki. Dhidi ya Chelsea alishuka kupokea pasi ya kawaida kabisa, mpira ukampita mguuni, akateleza, Demba Ba akauchukua na kwenda moja kwa moja kufunga. Liverpool wakafungwa 2-0. Msimu ule Gerrard alicheza vizuri pale chini, pasi zake ndefu ziliwafikisha walipofika. Lakini kuteleza kule, kungetokea mita 40 mbele, leo hakuna ambaye angelikumbuka tukio lile.

Ndiyo maana hatumshushi mtoto wiki ya fainali.

Kwa viwanja vyetu vya mchanga inawezekana?

Swali zuri, na vitabu vya ukocha vya Ulaya havilijibu. Inawezekana, kwa kurekebisha.

Kwenye mchanga pasi ya chini hufa njiani. Mtoto anayesukuma pasi kwa upole, akidhani mpira utateleza kama anavyoona kwenye televisheni, anampa straika wa wapinzani zawadi. Pasi za sita kwenye viwanja vyetu lazima zigongwe kwa nguvu kuliko kawaida, na anayepokea aifuate, asiisubiri. Masika ndiyo mbaya zaidi. Madimbwi yakishajaa, mpira unaokwenda vizuri husimama ghafla majini. Siku hizo tunawaambia wazi wasijenge kutoka langoni, wapige mbele. Anayebisha hapo anatafuta sifa.

Upepo nao. Wakati wa kusi, viwanja vilivyo wazi karibu na bahari vina upande mmoja ambao pasi ndefu inarudi kama imekataliwa na upande mwingine inampita kila mtu na kutoka nje. Namba sita ndiye mpiga pasi ndefu, kwa hiyo ni juu yake kujua kabla ya mechi upepo unatoka wapi. Tunawafundisha waokote mchanga kidogo, waachie hewani, waangalie. Kina mama wanaouza machungwa pale pembeni huwacheka, lakini kipindi cha kwanza kikianza hakuna anayecheka.

Anafanya mazoezi gani?

Tuna moja tunalolipenda kuliko mengine. Weka koni nne, mraba wa hatua kumi hivi kila upande, mtoto katikati. Nje wanasimama wanne, wawili wana mipira. Nyuma ya mgongo wake, mtu wa tano anainua vidole, idadi anayotaka. Pasi inakuja, na kabla hajaigusa lazima ataje idadi ya vidole kwa sauti. Akitaja baada ya kugusa, haihesabiwi. Siku za mwanzo wanakisia tu. Baadaye shingo zinaanza kugeuka zenyewe.

Akishalizoea, ongeza mkabaji mmoja. Kisha wawili. Nyumbani ukuta na mpira vinatosha, mguu wa kulia na wa kushoto.

Aanze akiwa na umri gani?

Chini ya miaka 14 tunawazungusha namba zote, wakiwemo makipa. Baada ya hapo ndipo tunaanza kuongea habari za namba.

Mwenyewe hataki. Anaona ameshushwa cheo.

Ni kawaida, na mzazi akimfokea anaharibu. Kijana mmoja wa miaka 16 alinifuata baada ya mazoezi Tangamano, amenuna.

"Shikamoo kocha. Kwani mimi nimefanya nini?"

"Marahaba. Hujafanya kitu, mgosi. Hebu kasimame pale mbele ya mabeki, tazama mbele. Unaona wangapi?"

Akahesabu kwa kidole. "Wote. Labda hawa mabeki wetu tu siwaoni."

"Na kule juu ulikuwa unaona wangapi?"

Akafikiri. "Watatu. Na mmoja alikuwa mgongoni, huyo simuoni ila namsikia."

Hakusema amekubali. Kesho yake alikuja, akaenda kusimama chini bila kuambiwa. Sitasema kwamba wote huwa hivyo. Wengine hununa mwezi mzima, na mmoja alihamia timu nyingine.

Mabao yake yatapungua. Maskauti watamwona kweli?

Yatapungua, tusidanganyane. Na ni kweli kwamba kwenye ndondo anayebebwa begani ni mfungaji. Lakini wanaotafuta wachezaji kwa kazi hawahesabu mabao peke yake. Mji huu umejaa vijana wanaojiita namba kumi. Kila mtaa wa Ngamiani una wake, kuanzia barabara za mwanzo hadi za mwisho. Anayeweza kupokea mpira mbele ya mabeki wake, watu wawili wakimjia, akageuka na kutoa pasi safi, huyo utamtafuta kwa tochi. Ushauri wetu kwa mzazi: mrekodi kwa simu mechi nzima, siyo vipande vya chenga. Kazi ya namba sita haionekani kwenye vipande.

Anatumia mguu mmoja tu.

Juu angeweza kujificha. Chini watamsoma kwa dakika kumi na kumfungia upande. Arudi ukutani.

Mwalimu wa shule anampanga kumi, ninyi mnampanga sita. Amsikilize nani?

Siku ya shule amsikilize mwalimu, siku yetu atusikilize sisi. Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mwalimu ana timu ya kushinda ndani ya siku chache, na mtoto anayefunga atamweka karibu na goli. Hata sisi tungefanya hivyo. Kijana haharibiki kwa kucheza nafasi mbili tofauti, anajua tu kuiangalia mechi kutoka pande zote. Tunachoomba ni mzazi asimpigie simu yule mwalimu kumfundisha kazi. Tuachieni sisi, tunafahamiana naye, tutaongea.